Kuku Wawili, Ndimi Kumi: Mwongozo Kamili wa Mlo wa Jioni wa Sikukuu Ladha Zinapogongana

Mwaka mmoja niliweka zabibu kavu kwenye wali wa sikukuu. Niliziona kabatini, nikadhani zitapendeza. Katikati ya mlo nikamtupia jicho shemeji yangu. Hakuwa amesema neno. Alikuwa akizitoa zabibu moja moja kwa ncha ya uma na kuzipanga ukingoni mwa sahani kama tasbihi, na wali wenyewe ulikuwa umeshapoa. Upande wa pili wa meza mwanangu alikuwa amemaliza za kwake, kaanza kunyoosha shingo kutazama sahani ya mjomba wake.

Nimepikia nyumba hiyo sikukuu nyingi tangu siku ile, na nimejifunza jambo moja lililonipunguzia kazi na lawama. Watu hawagombani kwa sababu ya wali, kuku wala viazi. Ugomvi unaletwa na kidogo kilichotiwa ndani yake: zabibu, pilipili, giligilani, sukari, kitunguu kibichi, mchuzi uliomwagwa juu bila kuulizwa. Basi msingi upike usio na mpinzani, na vyenye mabishano uvipeleke mezani kila kimoja na bakuli lake. Mwongozo huu unafuata njia hiyo tangu wiki ya maandalizi hadi mifupa inapoingia kwenye sufuria ya supu. Nimeupigia hesabu ya watu kumi na oveni moja.

Kwanza, uliza mapema

Wiki mbili kabla, waulize wageni wako. Usiulize “mnapenda nini?”, kwa sababu utajibiwa “chochote tu”, na anayejibu chochote ndiye wa kwanza kusukuma sahani. Uliza: “Kipi usichokula?” Majibu yagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wasiokula kwa sababu hawawezi au hawaruhusiwi: mwenye mzio wa karanga au maziwa, aliyezuiwa na daktari, anayezuiwa na imani yake. Hapa hakuna mjadala wala “kidogo tu haidhuru”. Chakula chake kipikwe kwanza, kwenye chombo safi, kwa mwiko wake, na kifunikwe. Njugu na korosho zisikae kwenye bakuli lililo jirani na wali, kwa sababu kijiko cha pamoja hakina adabu.

Fungu la pili ni wasiopenda. Hawa ndio wengi, na ndio tutakaoshughulika nao zaidi. Fungu la tatu ni wanaopenda, ila si hivyo unavyopika wewe. Mama mkwe anakula kabichi vizuri sana, isipokuwa yako. Hilo halitatuliwi kwa kubadilisha orodha ya vyakula. Linatatuliwa jikoni, na tutalifikia.

Mbona mtu mzima akatae kabichi?

Kabla ya kumwita mtu mdekaji, jua kwamba ndimi hazikuumbwa sawa. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa maabarani katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, unga wa kemikali iitwayo PTC ukapeperuka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba anasikia uchungu mdomoni. Fox, aliyekuwa karibu zaidi na unga huo, hakuonja chochote. Wakabishana, wakaujaribu unga kwenye ndimi za wengine, na kweli watu wakagawanyika: kwa wengine mchungu, kwa wengine hauna ladha. Leo tofauti hiyo inajulikana kutokana na kinasaba kiitwacho TAS2R38. Kabichi na jamaa zake zina viini vinavyogusa ulimi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo watu wawili wakila kabichi ya sufuria moja, mmoja anaweza kuonja utamu wa mboga na mwingine akaonja dawa.

Giligilani, au dania kama wengine waiitavyo, nayo ina kesi yake. Kuna watu wanaosikia ladha ya sabuni wakitafuna majani yake, na hawasemi uongo. Harufu ya majani hayo inatokana na viini vya jamii ya aldehaidi, vinavyofanana na vile vilivyomo kwenye sabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliihusisha chuki hiyo na kinasaba cha kunusa, OR6A2. Ukiyatwanga majani badala ya kuyakata, harufu ile hupungua kidogo, lakini kwa mtu wa aina hii ni afadhali yasiingie kabisa kwenye chakula chake.

Pilipili haina hata ladha kwa maana halisi. Kiini chake, kapsaisini, hushika vipokezi vinavyomwambia mwili kuwa kuna moto. Aliyezoea anafurahia, asiyezoea anaungua kwelikweli. Na maji hayamsaidii, kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Mpe mtindi au maziwa.

Watoto wana sheria yao. Chakula kigeni huenda kikahitaji kuonekana na kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijakubalika. Sikukuu si siku ya kuanza kuhesabu mara ya kwanza. Kama unataka mtoto ale mboga fulani siku hiyo, ianzishe mezani siku za kawaida, kipande kimoja, bila mahubiri.

Chakula kisichoguswa

Kila nyumba ina chakula kimoja ambacho kisipokuwepo ni kama sikukuu haijafika. Kitambue, na usikiboreshe. Nasema hivi nikiwa mtu wa kupenda kuboresha. Kama kimekuwa kikipikwa laini kupita kiasi kwa miaka thelathini, kipike laini kupita kiasi. Utundu wako una nafasi kwenye vyakula vingine.

Wala huhitaji kuamini kwamba ni cha kale. Nchini Marekani, kwenye meza ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, huwekwa bakuli la maharage mabichi yaliyookwa na supu ya uyoga ya kopo, juu yake vitunguu vya kukaanga, na wapo wanaolilinda kama wosia wa mababu. Lilitungwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, kwenye jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell. Lakini ole wako uliseme hilo mezani. Chakula cha mapokeo kinapimwa kwa nani alikipika ulipokuwa mdogo, na hesabu ya miaka haimshawishi mtu.

Kama anayekijua vizuri ni mzee wenu, kaa naye jikoni mara moja kabla ya sikukuu ukiwa na mizani. Shangazi yangu akisema “chumvi kiasi”, kiasi kile kiko kwenye vidole vyake, hakiko kwenye maneno. Kwa hiyo niliweka bakuli la chumvi juu ya mizani, nikasoma gramu kabla hajachota na baada ya kuchota, nikaandika. Unga hivyo hivyo, sukari hivyo hivyo. Alinicheka mchana kutwa. Siku hizi chakula chake napika mimi, na wa kwanza kuomba kuongezwa ni yeye.

Orodha na vipimo

Kwa watu kumi: kuku wawili wa kilo 2 kila mmoja (yaani takriban gramu 400 za nyama mbichi yenye mifupa kwa mtu), viazi kilo 2 na nusu, mchele gramu 800, mboga mbili, sosi tatu, tunda au kitu kitamu kimoja. Inatosha. Wapishi wengi wa sikukuu huharibikiwa kwa kuongeza chakula cha saba na cha nane, mwishowe vyote vinafika mezani vimepoa.

Kwa nini kuku wawili badala ya mnyama mmoja mkubwa? Sababu ya kwanza ni mapaja: wawili wana manne, na ugomvi wa paja ni wa zamani kuliko wote. Ya pili, kuku mdogo huiva kabla kidari hakijakauka. Ya tatu ndiyo kubwa: mmoja utamtia chumvi na pilipili manga tu, mwingine utamtia viungo. Asiyependa viungo ana kuku wake kamili, hali mabaki ya wenzake.

Kuku, kwa urefu

Kama wamegandishwa, wahamishie sehemu ya friji isiyogandisha, iliyo kwenye nyuzi 4 au chini yake, na uhesabu saa 24 kwa kila kilo 2. Wape siku na nusu, usipige ramli. Ukichelewa, waache ndani ya mfuko usiopitisha maji, uwazamishe kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Kila nusu kilo huchukua kama nusu saa. Kuyeyushia juu ya meza usiku kucha ni kukaribisha maradhi.

Usiwaoshe bombani. Najua wengi tumelelewa tukiosha, lakini maji hurusha vijidudu kama salmonela kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari iliyo pembeni, wakati moto wa oveni ungeviua vyote. Wafute kwa karatasi ya jikoni mpaka ngozi iwe kavu, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Usiku wa kuamkia sikukuu watie chumvi: gramu 10 kwa kila kilo. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kikiwa bapa, hubeba takriban gramu 6, kwa hiyo kuku wa kilo 2 anahitaji vijiko vitatu na kitu. Nyingi ipake kwenye kidari na mapaja, nyingine tumboni. Kwanza utaona ngozi inatoa jasho. Usiogope. Baada ya saa chache jasho lile, likiwa limeyeyusha chumvi, hurudi ndani ya nyama, na ngozi huanza kukauka. Waweke kwenye trei bila kuwafunika, rafu ya chini kabisa ya friji ili wasidondoshee vyakula vingine. Asubuhi ngozi itakuwa imekaza kama karatasi, na ndiyo itakayokwaruzika chini ya kisu jioni.

Kuku wa viungo: twanga punje 6 za kitunguu saumu, vijiko 2 vya chai vya binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, kijiko 1 cha pilipili manga, ganda la limau moja lililokwaruzwa, na vijiko 2 vikubwa vya mafuta. Ingiza vidole kati ya ngozi na nyama ya kidari, taratibu, mpaka ngozi iachie, kisha paka mchanganyiko humo ndani. Ukiupaka juu ya ngozi, kitunguu saumu kitaungua na kuwa kichungu kabla kuku hajaiva. Pilipili kali sijaitaja. Haiingii hata kwa huyu. Ina bakuli lake.

Oveni iwe nyuzi 190. Kanuni ni dakika 45 kwa kila kilo, ongeza 20, hivyo kuku wa kilo 2 huchukua saa 1 na dakika 50. Hesabu uzito wa kuku mmoja, si wa wote wawili, ila ongeza robo saa kwa sababu wawili huipunguzia oveni joto. Waache nafasi katikati, na wabadilishane pande nusu ya safari. Chini yao weka vitunguu viwili na karoti zilizokatwa vipande vikubwa, pamoja na kikombe kimoja cha maji, ili mafuta yanayodondoka yasiungue. Huo ndio mchuzi wako wa baadaye.

Kuiva hakupimwi kwa saa wala kwa rangi. Nunua kipimajoto cha nyama. Kichome pale paja linapokutana na mwili, penye unene, bila kugusa mfupa: nyuzi 74 ameiva. Mfupa hudanganya, huonyesha joto lisilo la nyama. Kama huna kipimajoto, choma mahali hapo hapo kwa kisu chembamba na utazame majimaji: yakiwa na wekundu, mrudishe. Watoe, wafunike kwa foili bila kuwabana, uwaache dakika 20 au zaidi. Ukikata mapema, maji yote hubaki kwenye ubao, na wa kidari watalalamika kwa haki.

Asiye na oveni apike kwenye sufuria nzito. Kaanga kuku mzima kwa mafuta kidogo, ukimgeuza, mpaka awe wa kahawia pande zote. Tia vitunguu na kikombe cha maji, funika, moto mdogo kwa saa moja na robo hivi. Ngozi haitakuwa kavu, lakini nyama itakuwa laini kuliko ya oveni, na mchuzi umejipika wenyewe.

Viazi, wali, mboga

Viazi vya kuoka ndivyo sijawahi kuona vikikataliwa, mradi viwe vikavu nje na laini ndani. Vimenye, kata vipande vya ukubwa wa yai, chemsha kwenye maji yenye chumvi na nusu kijiko cha chai cha magadi ya kupikia kwa lita 2. Magadi hulegeza kuta za kiazi, uso wake ukawa na unga unga. Baada ya dakika 10 mwaga maji, rudisha kifuniko, tikisa sufuria mpaka viazi vichakae kingo. Utasikia mlio ukibadilika kutoka kugonga hadi kukwaruza. Hapo vimekuwa tayari. Viache vitoe mvuke, vimwagie mafuta, viingie oveni dakika 50.

Wali uwe mweupe, wa chumvi na siagi kidogo tu. Osha mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu, loweka dakika 20, tia kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kila kikombe cha mchele, ukichemka punguza moto, funika dakika 12 hadi 15, zima, usifunue kwa dakika 10. Kisha bakuli tatu pembeni: vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia na kukauka, zabibu kavu zilizopitishwa kwenye siagi ya moto zikavimba, na lozi zilizokaangwa (hizi mbali, kama tulivyosema). Shemeji yangu huchota vitunguu nusu bakuli. Mwanangu hachoti kingine zaidi ya zabibu.

Mboga: hapa ndipo penye fungu la tatu la watu. Kabichi na jamaa zake zikichemshwa muda mrefu hutoa harufu ya salfa, na kadiri zinavyokaa motoni ndivyo harufu inavyozidi. Watu wengi wanaosema hawapendi kabichi, wasichopenda ni ile ya dakika 40. Jaribu kuikata nyembamba, kikaango kiwe cha moto sana, mafuta, chumvi, dakika 4, limau juu. Ila kama mama mkwe anaipenda ile laini, na ndiye mgeni wa heshima, mchemshie yake sufuria ndogo. Dakika 40 hizo hazikutoi jasho.

Mboga ya pili iwe mbichi: matango, nyanya, karoti. Kitunguu kibichi kilowekwe kwenye maji baridi dakika 10 ili makali yatoke, halafu kikae pembeni.

Sosi tatu

Zikiwa nzuri, msingi mtupu hauonekani mtupu.

Ya kwanza ni mchuzi wa trei. Kuku wakishatoka, chuja majimaji, acha mafuta yaelee. Chukua vijiko 2 vikubwa vya mafuta hayo, pika na vijiko 2 vya unga wa ngano mpaka vinukie kama mkate, kisha tia nusu lita ya majimaji (ongeza maji kama hayatoshi) kidogo kidogo huku ukikoroga. Onja kabla ya kutia chumvi. Kuku wameshamwaga yao humo. Kama mmoja wao alikuwa wa viungo, tumia trei mbili au kubali kwamba mchuzi una viungo na umwambie kila mtu.

Ya pili ni mtindi: vikombe 2, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi, nanaa iliyokatwa, limau. Inapoza, na inamwokoa aliyechota pilipili kwa ujasiri.

Ya tatu ni pilipili yenyewe, mbichi, iliyotwangwa na chumvi na limau. Bakuli dogo, kijiko kidogo. Kijiko kikubwa kwenye bakuli la pilipili ni mtego.

Ratiba ya jioni

Tuseme mnakula saa moja usiku. Hesabu kwa kurudi nyuma. Kuku watoke kwenye friji saa tisa na dakika 45 alasiri, oveni ianze kuwaka. Saa kumi na robo waingie. Saa kumi na moja mboga mbichi, mtindi, pilipili na bakuli za wali ziwe zimekamilika na kufunikwa. Saa kumi na moja na nusu chemsha viazi. Saa kumi na mbili na dakika 5 viazi viingie rafu ya chini. Saa kumi na mbili na dakika 20 pima kuku, watoe, viazi uvipandishe juu na moto uwe nyuzi 220. Hapo hapo wali uingie jikoni, na wewe uko huru kupika mchuzi. Saa moja kasoro robo kata kuku. Kabichi ya dakika 4 iwe ya mwisho kabisa, watu wakiwa wananawa.

Andika ratiba hii kwenye karatasi, ibandike mlangoni pa friji. Jikoni wakati huo kutakuwa na watu watatu wanaokupa ushauri na mmoja anayetafuta glasi, na kichwa hakikumbuki kitu.

Mezani

Kuku wa kawaida sinia lake, wa viungo lake, na kila sinia na koleo lake. Usimpakulie mtu mzima. Ukimpakulia umemchagulia, na akibakisha umeona, na akiona umeona, mlo umeharibika. Wazee wanaotegemea kupakuliwa waulize kwanza sehemu waipendayo. Usitangaze nani hapendi nini. Bakuli zimeshawekwa mbalimbali ili jambo hilo lisihitaji kusemwa. Na usimuulize mtu kwa nini hajachukua kabichi.

Kitu kitamu kiwe kimoja, na matunda yaliyokatwa kwa wasiopenda sukari. Nimejaribu vitamu viwili mara tatu. Kimoja hurudi jikoni kizima kila mara.

Mabaki, na siku zinazofuata

Chakula kisikae mezani zaidi ya saa 2. Kama chumba kina joto linalozidi nyuzi 32, saa 1 tu. Wali una haraka zaidi, kwa sababu mbegu za bakteria fulani huvumilia kuchemshwa, zikaamka wali ukikaa vuguvugu. Utandaze kwenye sinia upoe ndani ya saa moja, uingie friji, uliwe kesho yake, na upashwe moto mara moja tu hadi ufuke mvuke.

Kwa kuwa ulipika msingi mtupu, mabaki yako hayajafungwa kwenye ladha moja, na ndiyo faida ambayo sikuitegemea nilipoanza. Wali mweupe wa jana, ukiwa baridi na umekauka, ndio bora kwa kukaanga na yai na karoti. Minofu ya kuku ichambue, ichanganye na mtindi uliobaki, ijaze kwenye mkate. Viazi viponde kidogo, uvikaange upande mmoja mpaka vishike ukoko, vunja yai juu yake. Hivyo ni vyakula vitatu vya jioni, na hakuna hata kimoja kinachofanana na kile mlichokula sikukuu.

Njia hii haina sababu ya kungoja sikukuu. Usiku wa kawaida, tambi nyeupe na bakuli mbili za sosi, au dengu zilizoungwa kidogo na pilipili pembeni, hukuondolea kazi ya kupika mara mbili. Tena usiku wa kawaida ndio wa majaribio. Chakula kipya unachotaka kukipeleka kwenye meza ya sikukuu kipikie nyumbani kwako wiki tatu kabla, wapikie wasiojua kudanganya, yaani watoto, na tazama sahani zinaporudi. Kilichobaki ukingoni ndicho kinachohitaji bakuli lake.

Mifupa ya kuku wote wawili iingie sufuriani usiku ule ule pamoja na vitunguu na karoti za trei, maji yafunike, moto mdogo saa 2 bila kuchemka kwa fujo. Chuja, poza, weka friji. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu. Yaondoe kwa kijiko, yafae kukaangia. Supu hiyo hukaa siku 3 hadi 4. Ukiigandisha, andika tarehe kwenye chombo, kwa sababu baada ya mwezi haina tofauti na barafu ya kitu kingine chochote.